Ploti ya Safu ya Chini, Kando ya Athi

Nilikabidhiwa karatasi hiyo mbele ya jengo la Nyaraka za Taifa, mahali ambapo mtu hawezi kupita jioni bila kupewa tangazo la mganga, la chuo cha udereva au la ploti. Hii ilikuwa ya ploti. Ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji, picha ya mlima, na maneno yaliyosema kwamba mashamba yanayouzwa yako Ol Donyo Sabuk, “katika ardhi ya kihistoria ya Bwana McMillan”, hatua chache kutoka mtoni, hati tayari, malipo kwa miezi 12. Mume wangu aliisoma, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai. Mimi niliichomoa nikaisoma tena, kwa kuwa neno “kihistoria” likitoka kwa muuza ploti hunitia shaka kuliko hata maneno “hati tayari”.

Naandika haya kwa sababu watu wengi ninaowafahamu hapa Nairobi wamenunua, wananunua au wanadunduliza ili wanunue ardhi mahali ambapo hawajawahi kulala hata usiku mmoja. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiweka akiba kwa ajili ya kipande cha shamba mashambani, si mbali sana na mji, penye maji, ili siku moja tuachane na kodi ya nyumba. Mji mdogo wa Donyo, kama wenyeji wanavyouita kwa kifupi, ulitosheleza yote hayo: upo kando ya mto Athi, upande wa Machakos, na mlima wake huonekana kutoka maghorofa ya Eastlands asubuhi ambayo anga ni safi.

Mlima huo una mita 2,145 na umesimama peke yake juu ya tambarare. Kila jirani aliupa jina lake. Wamaasai waliuita mlima mkubwa, na ndiyo maana ya Ol Donyo Sabuk. Kiswahili kikauita Kilimambogo kwa ajili ya nyati, ambao wangali humo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1967. Wakikuyu, waliouhesabu miongoni mwa milima yao mitakatifu, waliuita Kĩa Njahĩ. Na Wakamba wanauita Kyanzavi. Majina haya mawili ya mwisho yana punje moja ndani yake, kwani njahi ya Kikuyu na nzavi ya Kikamba ni ile fiwi nyeusi yenye mstari mweupe, ambayo mama aliyejifungua hupikiwa ili apate nguvu. Mvua za masika zenyewe Wakikuyu huziita mvua za njahi. Basi kabla ya kuwa ardhi ya bwana yeyote, palikuwa mahali ambapo majirani wawili, kila mmoja kwa lugha yake, walipaita kwa chakula.

Jumamosi moja tulipanda gari la wauzaji, ambalo kwa desturi huwachukua wateja bure kutoka katikati ya mji na kuwarudisha jioni. Tulipita barabara ya Thika, tukaingia barabara ya Garissa, tukayapita mashamba ya mananasi yasiyo na mwisho, kisha tukakata kulia kuelekea mlimani. Kijana wa mauzo alikuwa mcheshi na alijua kazi yake. Alitusimulia habari za William Northrup McMillan, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872, tajiri mwenye mwili mkubwa kupita kiasi, aliyemkaribisha Theodore Roosevelt katika shamba lake la Juja mwaka 1909 na baadaye akatunukiwa na Waingereza cheo cha Sir. Alitueleza kwamba McMillan alifariki mwaka 1925, na kwamba alitaka azikwe kileleni mwa mlima huu, ila gari lililobeba jeneza likashindwa kupanda, ndipo kaburi likachimbwa njiani. Sehemu hiyo ya gari na jeneza ni masimulizi tu, lakini kaburi lipo, na si kileleni. Karibu naye amezikwa mkewe, Lucie, pamoja na Louise Decker, aliyekuwa mhudumu wao.

Hadithi ilikuwa nzuri, na ilitufikisha mtoni bila kuchoka. Lakini niliona kwamba katika simulizi zima hakuwamo mtu mwingine yeyote. Shamba lilianza na McMillan na, alipokufa, likasubiri kimya kwa karibu miaka mia moja hadi kampuni hii ilipokuja kulikata vipande vya hamsini kwa mia.

Kuhusu vipande hivyo, niseme jambo moja dogo ambalo huniudhi. Ploti ya futi 50 kwa 100 huuzwa kwa jina la moja ya nane ya ekari. Ekari moja ina futi za mraba 43,560, kwa hiyo moja ya nane yake ni 5,445, ilhali hamsini mara mia ni 5,000. Futi 445 za mraba humezwa kimyakimya na jina. Ni karibu chumba na sebule.

Tuliposhuka garini, kijana alitembea mbele akituonyesha bikoni, vile vigingi vya saruji vinavyofukiwa pembeni mwa kila ploti. Safu ya juu ilikuwa karibu na barabara ya vumbi, na safu ya chini iliteremka kuelekea mtoni, ambayo ndiyo ilikuwa ghali zaidi kwa sababu ya mandhari. Bikoni ya mwisho ya ploti tuliyoipenda ilikuwa ndani ya nyasi ndefu, na kando yake palikuwa na mgunga mmoja mkubwa. Niliinua macho ili nipime kivuli. Kwenye matawi yake, juu kuliko mkono wangu ulivyoweza kufika, kulikuwa kumening'inia karatasi za nailoni za mkate, tambara la suruali, kamba, na kifundo cha nywele bandia kilichopauka kwa jua. Vyote vilikuwa vimeelekea upande mmoja, kule mto unakoteremkia, kama nguo zilizoanikwa siku ya upepo.

“Huo ni upepo tu,” kijana wa mauzo alisema, nami sikuwa nimemuuliza.

Ng'ambo ya uzio wa miba alikuwapo mzee akimwagilia sukuma wiki kwa pampu ya petroli. Tulimwamkia, akazima mashine ili atusikie vizuri. Nilimuuliza ni nani aliyetupa takataka zile mtini.

“Hazikutupwa, mama. Zimeletwa.”

“Zimeletwa na nani, mzee?”

“Na nyinyi,” akajibu huku akicheka, akionyesha kwa kidevu upande wa juu wa mto. “Hizo ni za Nairobi. Zimekaa hapo tangu mafuriko ya mwaka 2024.”

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu shule ya msingi. Mto Nairobi, unaoanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu na kupita katikati ya mji wetu ukipokea kila tunachokimwaga, huingia mto Athi kabla ya Athi kufika hapa. Mito ya Thika na Chania, ambayo mtu angedhani ndiyo inayopita Donyo kwa kuwa iko karibu zaidi, haiji huku kabisa. Hiyo huenda kwenye Tana na kumalizikia Kipini. Maji yanayopita Donyo ni yetu sisi. Yakitoka hapo yanashuka Ukambani, yanabadilisha jina na kuitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi, ambako Mnairobi huenda likizo na kulalamika kwamba bahari ina rangi ya tope. Kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, yale yaliyokuwa pichani kwenye tangazo, nilikuta povu jeupe limekusanyika miambani na kutetemeka kama povu la beseni la kufulia. Vijana wa mashua huvusha wageni, na wengine huruka kutoka juu ya maporomoko kwa malipo madogo, ndani ya maji hayohayo.

Mzee alitukaribisha kwenye kivuli, na mazungumzo yetu yakachukua muda mrefu kuliko kijana wa mauzo alivyotaka. Baba yake alikuwa skwota, yaani kibarua aliyeishi kwenye shamba la mlowezi, katika shamba la mkonge, enzi ambazo mwanamume Mwafrika alitakiwa kuvaa kipande, yaani cheti cha utambulisho na kazi, shingoni ndani ya kikasha cha bati, na bila sahihi ya mwajiri kwenye kipande hicho hakuweza kuhamia kazi nyingine. Baada ya Uhuru, Wazungu wengi walipouza mashamba, wenyeji na watu waliotoka mbali walichanga pesa katika vyama vya ushirika na kampuni za kununua mashamba, wakapewa hisa, na hatimaye wakapiga kura ya kugawana vipande. Mama wa mzee huyu alinunua hisa kwa pesa za kuku na maharagwe. Mzee aliingia ndani akatoka na kopo la mafuta ya kupikia, na ndani ya kopo, chini ya kadi za kliniki za watoto ambao sasa ni watu wazima, palikuwa na stakabadhi iliyokunjwa mara nne, yenye jina la mama yake kwa wino wa buluu, na alama ya dole gumba mahali pa sahihi. Alama hiyo ilikuwa imekolea upande mmoja na kufifia upande wa pili, kana kwamba mkono ulisita kidogo kabla ya kuinuliwa.

“Hii ndiyo historia ya hapa,” alisema. Sikumjibu, maana nilikuwa naangalia lile dole.

Jumatatu iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, nilipita mtaa wa Banda na kupanda ngazi za maktaba ya McMillan, katikati ya wale simba wawili wa mawe. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931, na Lady McMillan ndiye aliyeiwezesha kwa kumbukumbu ya mumewe. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu pekee, na Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo kusoma mpaka ukoloni ulipokuwa unaaga. Hatua chache kutoka hapo ni mtaa wa Muindi Mbingu, ambao mimi nimeupita maelfu ya mara nikienda Soko la Jiji bila kuwaza jina hilo ni la nani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi na kwamba udongo wa Machakos unamomonyoka kwa sababu yao, ikaanza kuwanyang'anya mifugo na kuipiga mnada kwa bei ya chini, wakati huohuo kiwanda cha nyama kikiwa kimefunguliwa Athi River. Haikuuliza ni kwa nini watu na ng'ombe wamebanana. Walikuwa wamebanana kwa sababu malisho mengine, kama vile vilima vya Mua, yalikuwa yameshakatwa na kupewa walowezi. Muindi Mbingu aliongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto wakatembea kwa miguu hadi Nairobi mwezi Julai, wakapiga kambi wakitaka kumwona gavana, na wakakataa kuondoka kwa majuma kadhaa. Yeye alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini utekaji wa ng'ombe ulisitishwa kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo tajiri wa mlima ule ana maktaba, na aliyeongoza majirani wa mlima ule ana mtaa, na sehemu hizo mbili ziko karibu kiasi kwamba mtu anaweza kutoka moja hadi nyingine kabla mahindi choma hayajapoa mkononi.

Tangazo lilimtaja mmoja tu kati ya hao wawili, na sidhani kwamba muuzaji alikuwa na nia mbaya. Jina la Mzungu huuza.

Shemeji yangu, ambaye ni karani katika ofisi ya wakili, hakuvutiwa na kaburi wala maporomoko. Aliuliza swali moja tu: “Hati mama iko kwa jina la nani?” Hati mama ni hati ya shamba zima kabla halijagawanywa, na katika ardhi ambazo zamani zilikuwa za walowezi ndiyo yenye habari zote. Sheria ya ardhi ya Kikoloni ya mwaka 1915 iliwawezesha walowezi kukodishiwa mashamba kwa miaka 999. Katiba ya mwaka 2010 ikapunguza, ikasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya kwa zaidi ya miaka 99. Kati ya nambari hizo mbili ndimo mlimopita walowezi, vyama vya ushirika, kura, akina mama wa stakabadhi, watoto wao na madalali, na kila mmoja anapaswa kuwa ameacha mstari wake kwenye rejista. Shemeji aliomba upekuzi rasmi wa rejista ya ardhi. Majibu yalipokuja, hayakumtaja McMillan popote wala kampuni iliyotupeleka kwa gari la bure. Shamba lilikuwa limeandikwa kwa jina la mwanamke mmoja.

Nilimpigia mzee simu. Alimjua mwanamke huyo vizuri, kwa kuwa alipiga kura ya mashamba siku moja na mama yake. Mwanamke huyo alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita. Kampuni ilikuwa na mkataba na mmoja wa wanawe, bila mirathi kuwahi kufunguliwa mahakamani, ilhali ombi la mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na wenye pingamizi hupewa siku 30 kabla ya msimamizi kuthibitishwa kwa karatasi za mahakama. Ramani tuliyoonyeshwa, yenye ploti zilizopakwa rangi ya kijani na njano, ilikuwa mchoro tu; mgawanyo wenyewe haukuwa umesajiliwa. Maneno “hati tayari” yalikuwa na ukweli kwa namna yake, kwa sababu hati ilikuwapo kweli, ya marehemu.

Hata kama mirathi ingekuwa imekamilika, hiyo ni ardhi ya kilimo, na tangu mwaka 1967 mauziano ya ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, ambayo iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba utiwe sahihi; bila hiyo mkataba ni batili. Watu wa mjini huiona bodi hiyo kama usumbufu wa machifu na viti vya plastiki. Mimi, baada ya kuona lile dole gumba, naona ni mahali pekee ambapo mke na watoto wa muuzaji huulizwa kwa sauti, mbele ya majirani, kama wanajua kwamba shamba lao linauzwa. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2 ya thamani, nusu ya ule wa mjini, na kijana wa mauzo hakukosea katika hilo.

Na suala la mto lilibaki palepale. Kanuni za maji huweka ukanda wa hifadhi kando ya mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kutegemea upana wake, na mwaka 2024, baada ya mafuriko, serikali iliwaamuru watu walioishi ndani ya mita 30 za mito ya Nairobi wahame, na nyumba nyingi zikabomolewa. Tulirudi Donyo kwa matatu, kwa nauli yetu, mume wangu akiwa na futi ya fundi mfukoni. Kutoka kwenye bikoni ya chini hadi ukingo wa mto alipima mita 19. Kisha alisimama chini ya mgunga, akanyoosha futi hadi kwenye tambara la suruali, akasoma kipimo, akairudisha futi mfukoni bila kusema kitu. Mume wangu ni mtu wa maneno mengi.

Hatukununua ploti ile, na arubuni hatukuwa tumetoa, kwa hiyo sina hasara ya kulilia. Wana wa yule marehemu sasa wamekubaliana kufungua mirathi, wote wanne, wakiwamo mabinti wawili walioolewa ambao hakuna aliyekuwa amewauliza. Ikikamilika, na wakitaka kuuza sehemu ya safu ya juu, tutawaendea wao wenyewe, tukiwa na sorovea wetu. Wasipotaka, mzee ananiambia kwamba udongo wa safu ya juu hauotishi sukuma wiki bila kubeba maji, ila fiwi huota bila kubembelezwa.

Tangu hapo tumekuwa na desturi naye. Mvua ikinyesha sana Nairobi usiku, yeye hupiga simu alfajiri na kuniuliza jambo moja tu, imenyesha kiasi gani, kwa sababu maji ya kwetu yakishamfikia huwa amechelewa kuiokoa pampu yake ukingoni. Juzi ilinyesha tangu saa mbili hadi usiku wa manane, mitaro ya mtaa wetu ikafurika, na mbele ya lango letu zikapita chupa, kandambili na mfuko wa unga. Nilimpigia mimi kabla hakujapambazuka.

“Nimeshaitoa, mwanangu,” alisema. “Kuna nini safari hii?”

Nikamwambia atarajie kandambili.